Baba na Kilima cha Toba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na wifi na watoto. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha, maana wifi aliniambia kilikuwa kinawanyima usingizi nyumba nzima. Huku sote tu wazima. Nalisema mapema kabla hujaruka mistari kulitafuta: Baba ni mzima, amekula akashiba, na hivi ninavyoandika amelala kwenye kiti chake karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, anakoroma kama mashine ya kusaga nafaka.

Najua utashangaa kuletewa barua. Lakini kaka, tukizungumza kwa simu wewe husema nami huitikia, na kila ninapofika kwenye "lakini" yangu, subira yako inakuwa imekwisha. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo vuta kiti, mwombe wifi chai, unisome mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika ukasirike kwa nafasi.

Uliniagiza jambo moja tu: nihakikishe ile baiskeli inatoka nyumbani kwa Baba. Shangazi alikuwa amekupigia, akakueleza kwamba amemwona Baba, kaka yake, barabarani, amevaa kaptura ya kubana na kofia kama gamba la kobe, mpaka yeye akajificha nyuma ya mwavuli kwa aibu ya ukoo mzima. Ukasema mtu wa umri wake, tena mwenye ugonjwa wa moyo, hana anachokitafuta barabarani. Ukasema niiuze, niigawe, hata nikiitupa hutauliza. Nikasema sawa. Na nilisema kwa dhati, maana niliogopa kama wewe. Ulipofika tulikuwa tumeshamzika Mama, na najua tangu siku hiyo kila simu kutoka huku unaiogopa kabla hujaipokea.

Labda hujui hata ilivyofika. Unamkumbuka yule mpiga tarumbeta wa ghorofa ya juu kabisa, aliyekuwa akituamsha usingizi wa mchana? Alihama, akaacha baiskeli yake ikining'inia katika chumba cha mashine ya lifti. Baba amestaafu ufundi wa lifti, lakini ufunguo wa chumba kile bado anao, kwa kuwa lifti ya jengo letu ikinuna humsikiliza yeye peke yake. Akaiona, akampigia mwenyewe, akaambiwa aichukue. Akaishusha, akatandika mashuka makuukuu sebuleni na kuifungua yote, kila kiungo mbali. Nilikuja Jumamosi moja nikakuta spoki kwenye glasi za maji na tairi limeegemea jokofu, nikafurahi kimoyomoyo, maana tangu Mama atutoke hakuwa ameshika spana. Nilidhani ataitengeneza kisha atampa mtu. Kwamba ataipanda yeye, hilo halikunipitia akilini hata kidogo.

Basi ulipotoa amri, nilikwenda kwake Jumapili asubuhi mapema, nimedhamiria kuichukua kabla hajaamka. Nikakuta mlango umefungwa. Jirani akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo la kawaida, kwamba mzee yuko kwenye duka la mikate pale kona, kama kila Jumapili. Nikaenda kwa miguu, hotuba yangu nimeipanga kichwani neno kwa neno.

Pale nje ya duka la mikate nilikuta watu wa kila umbo, wanene kwa wembamba, wamesimama wanakunywa chai, baiskeli zao zimeegemezwa ukutani kama ng'ombe kwenye hori. Na katikati yao yuko Baba, na lile gamba lake la kobe kichwani, anacheka. Kaka, anacheka mpaka anajifuta macho. Hotuba yangu ikayeyuka. Akanitambulisha kwa wenzake kwamba huyu ni binti yangu, fundi wa miwani, jihadharini, ukimtazama kwa kukunja uso atakupima macho papo hapo. Kisha wakapanda baiskeli zao wakaenda, nami nikabaki na kikombe mkononi.

Niliwangoja asubuhi nzima. Walirudi wamelowa jasho, wamechafuka, na njaa kama nzige. Nikawauliza walikuwa wapi. Wakasema kwenye tangi la zamani la maji, nje ya mji. Nikauliza kuna nini huko. Wakatazamana, wakasema kuna tangi. Nikauliza, sasa mlipofika mlifanya nini? Wakajibu kwamba waligeuka.

Unanijua nilivyo. Mama alikuwa akisema kwamba ningezaliwa pacha, ningemuuliza mwenzangu amefuata nini humu ndani. Swali lile liliniingia kama mchanga kwenye jicho. Watu wazima, wenye kazi zao na vitanda vyao vya joto, wanaamka jua halijatoka, wanajitesa mpaka kwenye tangi, wanageuka. Na Jumapili inayofuata wanarudia. Nikajiambia kwamba baiskeli nitaiondoa, hilo halina mjadala, ila kwanza nijue ninaondoa kitu gani.

Nikaanza na mama mwenye duka la mikate, ambaye ndiye kiongozi wa msafara. Wanamwita Kengele, kwa sababu hawezi kumpita mtu, mbuzi wala nguzo ya umeme bila kuipiga kengele yake. Ni mwanamke mpana, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Alinieleza kwamba alianza kwa sababu ya magoti. Kusimama mbele ya tanuri kulikuwa kumeyamaliza, daktari akamwambia achague kuogelea au baiskeli, na yeye maji huyapenda yakiwa kwenye kikombe tu. Nikamuuliza, na magoti yamepona? Akasema yamepona kitambo. Basi kwa nini huachi? Akafikiri, akapangusa unga usiokuwepo mikononi, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Nikamfuata daktari wa mifugo, bwana mrefu mwenye masharubu. Yeye alianza kwa sababu mkewe alimnunulia baiskeli ili amtoe nyumbani, maana akiwa nyumbani siku za mapumziko alikuwa akimsahihisha kila anachofanya, mpaka namna ya kumenya kitunguu. Sasa mkewe anamlilia abaki, naye hataki. Kwa nini? Akasema kwamba kazini anawatibu wanyama wasioweza kumwambia wanaumwa wapi, na baiskeli ni mahali pekee ambapo akiumwa anajua hasa ni wapi. Kisha akacheka, akasema hilo pia si jibu.

Wa tatu ni kijana mmoja ambaye kazi yake ni kupokea simu za wateja wenye malalamiko. Kutwa nzima anatukanwa na watu asiowaona, naye anajibu kwa adabu. Akiwa kwenye baiskeli hasemi hata neno, huonyesha tu kwa vidole, ndiyo maana wanamwita Bubu. Nilimngoja mpaka alipoteremka. Akaniambia bila haya kwamba alifuata msichana. Msichana alikuwa akiendesha na msafara huu, naye akakopa baiskeli ili awe karibu. Baadaye msichana akahamia mji mwingine. Nikamuuliza, na wewe? Akainua mabega, akaonyesha baiskeli yake.

Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Hakuna hata mmoja ambaye sababu yake ya kuanza ndiyo sababu yake ya kuendelea. Kazini kwangu huwa namwekea mteja lenzi moja, kisha nyingine, namuuliza, ipi bora, ya kwanza au ya pili? Watu hawa nikiwauliza la kwanza walijibu upesi, nikiwauliza la pili walipepesa macho kama watu niliowawekea lenzi ya mtu mwingine.

Baba naye nilimuuliza. Akanijibu kwa mzaha wake. "Mwanangu," alisema, "maisha yangu yote ya kazi nimekwenda juu na chini. Sasa nataka kujua kwenda mbele kukoje." Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini nilimwona alivyokwepa macho yangu, na mimi kazi yangu ni macho.

Kengele ndiye aliyenimaliza. Alichoshwa na maswali yangu, akaniambia kwamba aisifuye mvua imemnyea, nami nimesimama barazani nauliza maji yana baridi kiasi gani. Akanitolea baiskeli ya dada yake, iliyokuwa imekaa stoo nyuma ya magunia ya unga. Nikajidanganya kwamba nakwenda kumchunga Baba. Wewe ukanipigia siku hiyo hiyo kuuliza nimefikia wapi, nikakujibu kwamba nalishughulikia. Halikuwa neno la uongo, kaka, ingawa nakiri lilikuwa limepinda kidogo.

Siku ya kwanza sitaki kuisimulia sana. Njia ya kwenda kwenye tangi inapanda mlima mmoja wanaouita Kilima cha Toba, kwa sababu kila apandaye hukumbuka dhambi zake zote na kuapa hatarudi. Mimi nilikumbuka na za kwako. Sikufika hata nusu, nikashuka na kuikokota, moyo unagonga masikioni, huku Kengele na uzito wake wote ananipita anapiga kengele kama gari la wagonjwa. Baba alikuwa mbele yangu, taratibu, bila kuyumba, kama lifti ya zamani iliyobeba piano. Juu kabisa alikuwa amesimama ananingoja. Hakunicheka. Alinipa maji tu, akaniambia kwamba gia zangu zilikuwa zimekaa vibaya, akapiga magoti akazirekebisha. Kesho yake niliwahudumia wateja wote nimesimama, maana kukaa kulikuwa mtihani. Bosi wangu akadhani nimepata bidii mpya.

Lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Jumapili ya pili nikaenda tena, na ya tatu. Nikaanza kuzijua njia ambazo nimezipita kwa gari maisha yangu yote bila kuziona. Kuna kiwanda cha sabuni ambacho harufu yake huanza kabla hujakiona, na kuna nyumba yenye mbwa mzee anayetubwekea mara moja tu kutimiza wajibu, kisha analala. Kuna mahali baada ya kilima ambapo njia inateremka, unaacha kukanyaga, na upepo unaingia kwenye mikono ya nguo, na kwa kitambo kile hakuna mtu duniani anayekudai jibu. Sikujua kama mtu mzima anaweza kupewa kitu kama hicho bure.

Kisha Jumapili moja Baba akapata mafua, akanitumia ujumbe kwamba leo hatoki. Niliusoma nikiwa mlangoni kwangu, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi. Niliyekuwa nikienda kumchunga hakuwepo, kwa hiyo kazi yangu ya ulinzi haikuwepo. Nikasimama kidogo pale kizingitini. Halafu nikaenda. Njia nzima nilikuwa najicheka mwenyewe, maana nilikuwa nimekuwa kama wao, na mtu angeniuliza la pili ningepepesa macho.

Sasa kaka, nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nimelizunguka kama baiskeli izungukavyo shimo, lakini lazima nipite.

Ni Jumapili mbili zilizopita. Tulikuwa tumetawanyika kilimani kama kawaida, kila mtu na toba yake. Nilipoinua kichwa nikamwona Baba ameshuka kwenye baiskeli katikati ya mwinuko. Sijawahi kumwona akishuka pale. Amekaa juu ya jiwe kando ya njia, kichwa chini. Nikaliona akilini jina lako kwenye simu yangu, nikajisikia nikikueleza. Sijui nguvu nilizitoa wapi, nilipanda pale bila kushuka, nikaitupa baiskeli nikamkimbilia. Akainua uso akanitazama, mkavu kabisa, akaniuliza mbona nimeitupa baiskeli ya watu. Alikuwa ananingoja, basi. Alitaka twende pamoja.

Nikakaa chini palepale nikalia. Alinishika bega akaningoja nimalize. Kisha tukapanda tena, polepole, mpaka juu. Kule juu njia ni tambarare na pana, tukaenda bega kwa bega. Nimegundua kaka kwamba kuna mambo hayasemeki mkiwa mmetazamana. Mezani mtu anakuangalia usoni, neno linaogopa, linarudi ndani. Lakini watu wawili kwenye baiskeli wote wanatazama njia moja, na neno linapata pa kutokea bila kuonekana.

"Mama yenu alipoondoka, niliacha vidonge," alisema.

Nikamuuliza vidonge gani, kama vile sijui.

"Vya moyo. Vyote. Ulikuwa ukiniletea, nakushukuru, ukishaondoka navimwaga."

Niliendelea kukanyaga kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Nikakumbuka ile miezi nilivyokuwa nikimpelekea zile paketi, nikiulizia kama amekunywa, naye akisema nimekunywa, nami nikirudi kwangu nimeridhika. Nikamuuliza, "Ulitaka kufa, Baba?"

Tulipita shamba zima la alizeti kabla hajajibu. "Sikutaka kufa," alisema. "Sikuona tu sababu ya kujizuia."

Kisha akanieleza yote, na nakueleza kama alivyonieleza. Baiskeli ile alipoifungua sebuleni hakuwa na nia ya kuipanda. Mikono tu ilitaka kitu kilichoharibika ambacho kinatengenezeka. Ilipokamilika ikabidi aijaribu, akalizunguka jengo, akafika dukani kwa mikate, Kengele akamwona anavyoyumba, akamwambia aje Jumapili. Akaenda, kwa kuwa Jumapili ndizo zilizokuwa ndefu kuliko siku zote. Na siku hiyo ya kwanza, kwenye Kilima cha Toba, macho yakaingia giza. Akaanguka kwenye majani kando ya njia.

Ndiyo, kaka. Alianguka. Hatukuambiwa, wewe wala mimi. Huko ndiko kulikokuwa na hatari uliyoihofia, nayo ilikuwa imeshapita kabla Shangazi hajafungua mwavuli wake.

Daktari wa mifugo alipiga magoti, akamshika mkono kama anavyomshika ndama, akamuuliza anatumia dawa gani. Na Baba akamwambia ukweli, yule ambaye sisi watoto wake hatukuambiwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwamba mtu anayehema hana pumzi ya kutunga uongo, na tena yule bwana alikuwa mgeni, asingelia. Daktari akamjibu kwamba yeye kazi yake ni wanyama, binadamu hana mamlaka nao, lakini hajawahi kumwona mbuzi anayetaka kupanda mlima na hautaki moyo wake. Kengele akamkokotea baiskeli mpaka mjini, na mlangoni akamwambia kwa upole kwamba chai ya Jumapili ijayo hataipata mpaka awe ameonana na daktari wa watu. Baba akaenda kesho yake. Tangu hapo, kila Jumapili kabla ya kuondoka Kengele humuuliza amekunywa dawa, naye hufungua mdomo kumwonyesha, na ndicho kilichokuwa kinawachekesha ile asubuhi niliyowakuta.

"Nilirudia dawa kwa ajili ya kile kilima," Baba aliniambia. "Si kwa ajili yenu. Nisamehe, mwanangu. Nyinyi niliwapenda wakati wote, lakini kuwapenda hakukunitoa kitandani. Kilima kilinishinda, na mimi sijawahi kuacha kazi nusu."

Nitakuwa mkweli kwako, maneno hayo yaliniuma. Yaliniuma wiki nzima. Nilisaga lenzi kazini nikijiuliza sisi ni watoto wa namna gani, tuzidiwe na mlima. Lakini nimefikiri, na nakuomba nawe ufikiri kabla hujaumia. Sisi tulikuwa tunamtaka aishi ili sisi tusiogope. Kilima hakikumtaka kitu, kilisimama tu pale, naye akataka kufika juu. Ndipo nilipoelewa kwa nini wale wote hawana jibu la swali la pili. Mtu huanza kwa sababu ya kitu kinachomsukuma kwa nyuma, goti, mke, msichana, nyumba tupu. Lakini akishazoea, hasukumwi tena, anaitwa, na aitwaye mara nyingi hajui jina la anayemwita. Sijui kama nimesema sawasawa. Labda nami sijui bado.

Usidhani nimelewa upepo. Wiki iliyopita niliomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe kwa daktari wa moyo, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo. Walimbandika nyaya kifuani wakamtembeza kwenye ile mashine ya mkanda, naye akawaambia kwamba mota ya mashine yao inahitaji grisi. Daktari alisema moyo si wa kijana na hautakuwa, lakini unafanya kazi vizuri kuliko mwaka jana, na kwamba kumnyima baiskeli sasa itakuwa kumrudisha alikotoka. Akaweka masharti: asiende peke yake, asishindane na mtu, dawa kila siku, na kifua kikibana ashuke papo hapo. Akauliza ni nani atakayemsimamia. Nikanyoosha mkono kama mtoto darasani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, kaka, na nimelitoa kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Baiskeli haitaondoka. Uliniagiza niiondoe kwa kuwa unampenda, nami nakataa kwa sababu hiyohiyo. Kama kuna lawama, niandikie mimi, usimguse yeye.

Nilimwomba ruhusa kabla ya kukuandikia haya. Akasema nikueleze, ila kwa barua, kwa kuwa kwa simu utauliza la tano kabla hujajibiwa la kwanza. Aliniomba pia nikwambie kwamba haoni haya kwa kuanguka, bali kwa kutudanganya, na kwamba hilo atakwambia mwenyewe ukija. Nakuomba basi jambo moja. Utakapompigia, usianze na presha, wala dawa, wala umri wake. Mwulize alikwenda wapi. Atakwambia hakwenda popote pa maana. Nyamaza, umsubiri. Utaona atakavyokusimulia, tangi na mbwa na kiwanda cha sabuni, mpaka simu ipate moto sikioni. Na mkija likizo, Kengele amesema stoo yake haijaishiwa baiskeli. Wifi atafaa sana, ana miguu. Wewe tutakusubiri kileleni.

Hapa nilikuwa naifunga barua, Baba akaamka. Ameuliza namwandikia nani ukurasa wote huu, nikamwambia. Akajinyoosha, akatazama dirishani kwa muda, nikadhani atanituma salamu nzito. Akasema: "Mwambie leo upepo ulikuwa wa usoni kwenda, na wa usoni kurudi. Aniambie hiyo inawezekanaje."

Amekaa anangoja jibu lako. Anasema kweli, nami nilikuwepo.

Wasalimie wote wa nyumbani, mdogo umbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake, na wifi mwambie nimemkumbuka. Shangazi yetu akikupigia tena, mwambie umeshapata habari. Mungu awalinde huko.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi wa miwani